Jagi Moja la Maji ya Samadi

Dora mwanangu,

Sikuulizi hali, maana asubuhi tu nimekuona ukila viazi vitamu umesimama, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, huku baba yako akikuhimiza kwamba gari la Dareda halimsubiri mtu. Sasa hivi uko kwa bibi yako unaaga, na ninavyomjua mama yangu, hakuachii mpaka ule mara mbili. Kwa hiyo nina saa chache. Nimevuta kigoda, nimekaa hapa uani kati ya ukuta na jiko, na daftari nimeliweka juu ya magoti.

Kesho alfajiri unapanda basi kwenda Kahama kuuza dukani kwa mjomba wako. Sitakuandikia habari za kuvaa sweta, kufunga begi kwa kufuli na kutopokea soda ya mtu usiyemjua. Hayo baba yako amekwisha kukuambia mara tatu, na kesho stendi atayarudia. Mimi nina jambo moja tu, na baba yako mwenyewe halijui. Linahusu ile bustani yako ya mabomba na namna ilivyokufa. Nimekaa nalo tangu kabla ya mvua, na siwezi kukuacha uondoke likiwa bado kwangu.

Nitaanzia mbali kidogo. Univumilie, maana nikianzia karibu nitaogopa.

Unajua nilikulia kule juu Mbulu, kabla bibi yako hajahamia Dareda, kwenye nyumba ambayo ng'ombe walilala ndani pamoja nasi. Kazi yangu ya kwanza kila asubuhi kabla ya shule ilikuwa kuzoa samadi na kuibeba kwa kikapu mpaka shambani, chini mteremkoni. Siku za mvua ilinichuruzika shingoni, na shuleni wenzangu walinikalia mbali, ingawa na wao walitoka kuzoa ya kwao. Nyumbani kwetu samadi haikuitwa uchafu. Mtu aliyeipoteza njiani aligombezwa kama aliyemwaga maziwa.

Bibi yako hakuwahi hata siku moja kuniambia kwamba ananipenda. Si mtu wa maneno hayo. Lakini siku nilipoolewa na baba yako, gari lilipokuja kuchukua vitu vyangu, alitoka ndani akiburuta gunia. Nikadhani ni maharage. Kumbe ni samadi kavu, iliyopondwa na kuchekechwa vizuri. Akasema, "Huko Babati sijui kama kuna ng'ombe wa maana. Anza na hii." Dereva alicheka, wifi zangu walicheka, na mimi nilikaa juu ya lile gunia nikilia njia nzima. Ndivyo nilivyojifunza kupenda, Dora. Kumpenda mtu kwangu ni kumlisha, na ardhi hali kadhalika.

Gunia hilo ndilo lililoanzisha shamba letu la kukodi kule Nangara. Mwaka wa kwanza nilikuwa na tamaa, nikapanda mahindi yakabanana mpaka panya hapiti. Jirani wa shamba alikuja kuniangalia, akatikisa kichwa, akaenda zake. Nilivuna mabua. Miaka iliyofuata nilijirekebisha, na wewe ulikulia pale, mgongoni kwanza, halafu kwenye kivuli cha mbaazi ukila udongo nisipokuangalia. Kila mwaka nililipelekea samadi. Udongo ule ulikuwa mweusi, ukiushika unahisi una mafuta. Niliujua kama ninavyojua kichwa chako, kwa kuwa nimevisuka vyote viwili.

Halafu mwenye shamba akaamua kujenga. Haki yake, shamba ni lake. Lakini siku walipochimba msingi nilikwenda kuangalia, na ule udongo wangu wa miaka yote wakautupa pembeni kwa koleo kama takataka. Nilirudi nyumbani nikakaa. Wiki mbili nzima sikusema na mtu, nilipika na kukaa. Baba yako alinunua nyama, hakupata hata asante. Wewe hukuniuliza chochote. Nilidhani hujali.

Kumbe ulikuwa unazunguka mtaa wetu wote wa Bagara unaokota mabomba.

Nataka nikumbuke vizuri jinsi ulivyoijenga, maana wakati ule nilijifanya siangalii. Fundi aliyekuwa anajenga choo cha jirani alikupa mabomba matatu ya plastiki, yale manene, yaliyopasuka mwishoni. Ukayachora kwa kalamu ya wino mzito kuzunguka, ukayakata kwa msumeno wa chuma mikato mifupi kama midomo. Kila mkato ukaupasha moto wa mkaa mpaka plastiki ikalegea, ukaingiza shingo ya chupa ya soda, ukafungua mfuko mdogo wa kukaa mche. Jiko langu lilinuka plastiki siku mbili na nilinung'unika siku nne. Ulikata godoro lako la zamani vipande vidogo vya sponji, ukavilowesha, ukaweka mbegu moja moja. Chini ya mabomba ukaweka ndoo ya rangi uliyoisugua kwa mchanga, ndani yake kile kipampu kidogo cha umeme, ambacho ndicho kitu pekee ulichonunua kipya. Mpira mwembamba ukapandisha maji mpaka juu, na kifuniko ulichokitoboa kwa msumari wa moto kikayadondosha ndani, matone matone, yakipita kwenye mizizi na kurudi ndooni. Mabomba matatu yamesimama ukutani, kwenye nafasi ambayo mimi nilikuwa naanika masufuria.

Mbolea yako ililetwa na basi kutoka Arusha, paketi mbili, ukaniambia hazikutani mpaka kila moja imeyeyuka kwenye maji yake. Uliipima kwa kijiko ukisawazisha kwa kisu, ukaandika kwenye daftari, ukapima tena. Uliponimaliza uvumilivu kabisa ulinishika mkono ukanileta hapa hapa nilipokaa, ukasema, "Mama, hii ni yako. Sasa shamba limekuja nyumbani."

Nami nikasema, "Hili ni bomba la choo."

Ulicheka, Dora. Una moyo mzuri, umeutoa kwa baba yako. Lakini niliona namna ulivyoinama kurekebisha mpira ambao haukuwa na tatizo lolote.

Na ikaota! Chainizi, spinachi, kotmiri, zote zikatoka ukutani zimenawiri, mpaka watu wanaopita njiani wakasimama kuchungulia. Siku uliyochuma mara ya kwanza nilipika na ugali, na ilikuwa tamu kweli. Ulinitazama mdomoni. Nikasema imepungua chumvi. Kina mama wa jumuiya wakasikia, wakakuomba uje uwafundishe, mkapanga Jumamosi waje hapa nyumbani kumi na wawili. Ulianza kufagia uwanja wiki nzima kabla. Ulikuwa unaimba.

Hapa naomba usome polepole.

Jumatatu ya wiki ile simu ilikuja kwamba bibi ameanguka, anahitaji mtu wa kumwangalia. Ukaenda Dareda siku nne. Kabla hujatoka ulinipeleka kwenye ndoo ukaniambia, "Mama, wewe ongeza maji tu yakipungua. Maji matupu. Usiweke kitu kingine, hata ukiona nini." Nikasema nimesikia.

Siku ya pili nikaona majani ya chini yameanza kuwa ya njano. Si mengi, ni matatu au manne kwenye kila bomba. Nilisimama pale nikiyaangalia. Mimi najua mmea wenye njaa. Tangu utoto nimejua. Nikajiambia, mtoto huyu amevipa vitu hivi dawa ya paketi, havijawahi kuonja chakula. Nikaenda kwa Mama Happy, jirani yetu mwenye ng'ombe wawili, nikaomba samadi. Nikailoweka, nikaikamua kwa kanga kuukuu mpaka yakatoka maji meusi safi, hayana hata kapi moja. Nikafungua kifuniko cha ndoo yako, nikamimina jagi moja.

Nitakuambia ukweli wote, kwa kuwa nusu yake nimeujua juzi juzi tu. Nilipomimina nilisikia furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu Nangara. Nilikuwa nalisha tena. Lakini ndani ya furaha hiyo kulikuwa na kitu kingine kibaya. Sikupenda kwamba mboga zile zilinawiri bila mimi. Miaka yote ile ya kikapu shingoni, halafu mtoto anakuja na mambo aliyoyaona kwenye simu na bomba la choo, anapata majani mapana kuliko yangu. Nilitaka Jumamosi wale kina mama wakisifia, moyoni mwangu niseme, ni lile jagi langu. Nilikuonea wivu, mwanangu. Mama anaweza kumwonea mtoto wake wivu na hapo hapo akampenda.

Kesho yake mchana pampu ilikoroma, ikanyamaza. Mimi nilikuwa sokoni. Niliporudi jua limepiga ukuta saa nyingi na maji hayapandi. Yale maji yangu niliyoyaona safi yalikuwa yameziba vitundu vyote, na ndoo imeanza kunuka. Mizizi iliyokuwa myeupe kama uzi ilikuwa ya kahawia, inateleza vidoleni. Usiku mmoja tu tena, na asubuhi kila kitu kilikuwa kimelala.

Ningekupigia simu. Simu ilikuwa mfukoni. Badala yake nilibeba ile ndoo nikaisugua kwa mchanga na majivu, nikafungua pampu nikaitoa uchafu kwa sindano ya kushonea, nikapitisha maji kwenye mpira mpaka yakatoka meupe. Nikajaza maji mapya, nikafunika. Sijawahi kusafisha chombo vizuri namna ile maishani mwangu.

Ulirudi Alhamisi jioni. Ukasema shikamoo, nikasema marahaba, bibi anaendeleaje, ukasema anaendelea vizuri, ukanipita ukaenda uani. Mimi nikabaki jikoni nakoroga maharage ambayo hayakuhitaji kukorogwa. Nilingoja nisikie unalia. Hukulia. Ulikuja mlangoni ukasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nimezidisha mbolea, Mama. Nimeziua mwenyewe."

Pale pale ningesema. Mdomo niliufungua kabisa. Na kilichotoka ni hiki: "Nilikuambia. Mmea unataka udongo."

Jagi nimekwisha kujisamehe, maana ulikuwa ujinga. Ni sentensi ile ambayo sijaweza. Niliisema nikijua.

Siku tatu ulikaa na daftari lako unatafuta kosa. Ulipima vijiko vyote vya nyumba hii. Ulimuuliza baba yako kama maji ya bomba yamebadilika. Ulitafuta kila mahali, na kosa lilikuwa limekaa mbele yako linachambua mchele. Kesho yake tu ya kurudi, Ijumaa, ulikuwa umewapigia wale kina mama ukawaambia wasije. Ukayafungua mabomba ukayalaza nyuma ya jiko. Na mjomba wako alipopiga simu kwamba anataka mtu wa kuaminika dukani, ulikubali hata kabla hajamaliza. Baba yako alipokuuliza kama una hakika, ukacheka ukasema, "Nikauze tu duka, Baba. Kuotesha vitu sina mkono." Baba yako akacheka pia. Mimi nilitoka nje.

Utajiuliza kwa nini sikusema hata hapo. Mwanzoni ilikuwa aibu. Halafu aibu ilipopungua kikaja kitu kibaya zaidi. Niliogopa kwamba nikisema sasa, utadhani nimetunga ili usiondoke. Na shida ni kwamba sitaki uondoke. Nakuambia wazi. Tangu mjomba wako apige simu ninaamka na kusikiliza kama umeamka. Nimeanza kukukumbuka ungali hapa. Jana ulikuwa unaosha vyombo ukiongea na simu, nami nikawa nasikiliza sauti yako tu, sijui hata ulikuwa unasema nini. Najua kesho kutwa nitapika ugali wa watu watatu, halafu nitasimama nikiuangalia. Mama yangu lazima alipika hivyo mimi nilipoondoka, na miaka yote hii sijawahi kumuuliza.

Kwa hiyo nilihitaji kitu ambacho si maneno yangu, na hapa ndipo ninapotaka unisikilize.

Ulipotoa makaratasi yako ya kuwashia moto, niliona daftari limo. Nikalitoa. Nimelificha kwenye debe la unga. Nikachukua bomba moja kule nyuma, lile lililopasuka zaidi, na ndoo na pampu na zile paketi zilizobaki, nikavipeleka kwa Mama Happy jioni moja ukiwa kwaya. Nilimwambia kila kitu, maana samadi ilikuwa yake. Aliguna tu, akanionyesha ukuta wenye soketi karibu.

Nimefuata mwandiko wako neno kwa neno. Miche ya kwanza ilikufa yote kwa sababu sponji niliiacha ikakauka, na nilikaa chini nikacheka peke yangu, mtu aliyelima miaka yote kashindwa na kipande cha godoro. Nikaanza tena. Nikasawazisha kijiko kwa kisu kama ulivyofanya. Kila paketi nikaiyeyusha peke yake. Sikuongeza chochote, Dora, ingawa mkono uliniwasha, na ng'ombe wenyewe wamesimama hatua tano kutoka pale.

Baada ya wiki kadhaa majani ya chini yakaanza tena kuwa ya njano. Yale yale. Nikafungua daftari lako, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka nikakuta umeandika kwa kalamu nyekundu: "Majani ya chini yakiwa njano ni ya zamani tu. Chuma." Basi. Hayakuwa na njaa. Yalikuwa yamezeeka, kama inavyopasa. Nikayachuma, nikawapa ng'ombe, na kesho yake mmea ulikuwa mzima.

Leo asubuhi ulipoondoka nimekwenda kuhesabu. Miche kumi na tisa ya chainizi imesimama kwenye bomba lililopasuka, kwa vipimo vyako, bila kuongeza wala kupunguza. Hukuzidisha mbolea. Hukukosea kijiko. Mkono unao, na mimi ndiye niliyeiua bustani yako.

Siandiki ili ubaki. Mjomba wako anakungoja, umempa neno, na tikiti iko kwenye Biblia ya baba yako. Nenda. Huenda duka utalipenda, una akili ya watu kuliko mimi. Lakini kuna mambo mawili tofauti, kuondoka kwa sababu unataka na kuondoka kwa sababu unaamini umeshindwa, na hili la pili nimekupa mimi, kwa hiyo ninalichukua. Ukifika Kahama ukaamua hutaki tena kuona bomba maishani isipokuwa la kuuza, sawa. Uamue ukijua.

Sina mengi ya kukufundisha. Ninachojua nimekijua kwa kuchelewa: kumimina jagi kulichukua dakika moja, na kuficha kumenichukua miezi, na miezi hiyo yote ulikuwa hapa, nami sikuweza kukaa na wewe vizuri. Hizo ndizo siku ninazozililia sasa. Ningekuwa nimekaa nawe uani, ningekuwa nakusikiliza ukinieleza habari za mizizi, ningekuwa nimekuambia siku ile kwamba chumvi haikupungua.

Mpango wangu ulikuwa kuichomeka barua hii kwenye begi lako, chini ya nguo, uikute ukiwa Singida huko au mbele zaidi, mahali ambapo huwezi kuona uso wangu. Nimekwisha kuikunja mara moja. Halafu nikaona kwamba hiyo nayo ni kusugua ndoo. Kwa hiyo sitaitia kwenye begi. Utarudi, utanawa, utakula, halafu nitakupa mkononi, na nitakaa hapa hapa kwenye kigoda mpaka umalize ukurasa wa mwisho. Baba yako naye asikie. Usiniambie, "Si kitu, Mama." Ni kitu. Ukitaka kwenda kwa Mama Happy kuangalia, tochi ninayo. Na ukitaka kunigombeza, nigombeze, mwanangu, nitakusikiliza. Basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Tuna usiku mzima.

Mama yako